Mtaalamu Saikal na Mama wa Perizat

Saikal alikuwa mwanasaikolojia wa shule katika mji mdogo wa bonde la Naryn, na hakuna aliyejua hasa kazi hiyo ni ya nini, hata yeye mwenyewe. Mwalimu akiugua, Saikal aliingia darasani badala yake. Sikukuu ya Nooruz ikikaribia, Saikal alikata maua ya karatasi. Ofisi yake ilikuwa stoo kando ya tanuri la makaa, na mlangoni mwalimu mkuu, Dooronbek, aliamuru ibandikwe picha ya jua linalocheka, ili wakaguzi wakipita waone kwamba hapa roho za watoto zinatunzwa. Mtoto akilia, alipelekwa huko kama sufuria iliyotoboka inavyopelekwa kwa fundi. Akirudi bado analia, walimu walisema, "Saikal naye hana lolote."

Naye, maskini, alitamani sana aonekane analo. Ndiyo maana vuli ile, ilipokuja amri kwamba kila shule iwasaidie wanafunzi wanaoishi katika mazingira magumu, alikurupuka. Alitafuta wafadhili wa mikoba, akaazima kipaza sauti, akapanga sherehe ukumbini. Watoto ambao mama zao wamekwenda kutafuta riziki Moscow wangeitwa jukwaani mmoja mmoja, wapewe mkoba, wapigwe picha. Msaada usioonekana, katika shule ya Dooronbek, haukuhesabiwa kuwa msaada.

Akaitwa Perizat wa darasa la pili. Perizat alikuwa mjukuu wa kwanza, na kwetu mjukuu wa kwanza ni wa bibi na babu. Huchukuliwa angali mchanga, hulelewa kama kitinda mimba wao, naye humwita bibi "mama" na aliyemzaa "dada". Mji mzima hulijua jambo hili na mji mzima hulinyamazia, hadi mtoto akue alitambue mwenyewe polepole. Hata walevi wa sokoni hawajawahi kuteleza hapo. Aliyeteleza ni mtaalamu mwenye diploma.

"Na sasa Perizat," Saikal alitangaza, "ambaye mama yake yuko mbali, Moscow."

"Mama yuko nyumbani," Perizat alisema. "Anakamua ng'ombe."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu wa darasa lake, Mairamkan, mwanamke asiyeweza kuliacha kosa lipite, akamsahihisha palepale kwa sauti ya darasani: "Huyo ni bibi yako. Mama yako ni yule unayemwita dada." Kisha mtoto akakabidhiwa mkoba wa waridi. Picha ilitoka nzuri sana.

Tangu siku hiyo Perizat hakufungua kinywa shuleni. Theluji ilipoanguka, Mairamkan alikwisha kuamua kwamba mtoto ni taahira na anamharibia darasa. Akataka apelekwe mbele ya tume ya mkoa, ile inayoamua nani abaki na nani apelekwe shule ya bweni ya watoto wenye upungufu wa akili, huko ng'ambo ya milima. Tume ilihitaji pia neno la mwanasaikolojia. Basi Saikal akamchoresha nyumba, akamchoresha mti, akamwonyesha vipande vya rangi achague kimoja. Perizat akachagua cheusi, na Saikal akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Alikuwa akikitafuta kidonda, na kisu kilikuwa mkononi mwake.

Siku moja kabla ya tume alimwambia achore watu wa kwao. Perizat akachora babu, akachora ng'ombe, akachora mwanamke mwenye kilemba akimkamua. Akamfuta. Akamchora tena, akainua macho kumtazama Saikal, kisha akamfunika yule mwanamke kwa kiganja asije akaonekana. Hapo ndipo Saikal alipokisikia kile kicheko cha ukumbini. Aliona aibu iliyomshika hadi masikioni, na ilimstahili.

Siku ya tume Dooronbek alichinja kondoo. Watoto na walezi walingoja koridoni, wakubwa wakala kwanza. Mwenyekiti, mzee Sharshenbek, aliwekewa kichwa cha kondoo kama ada ilivyo, akakata sikio la kumpa mtoto, akatazama huku na huku, na mezani hapakuwa na mtoto. Akalila mwenyewe.

"Dada Saikal," Dooronbek alimnong'oneza wakinawa mikono, "wewe sema tu ana upungufu, tumalize. Mairamkan ana wageni darasani mwezi ujao."

"Na kama hana?"

"Kama hana, huko bwenini si watamrudisha?"

"Hawajawahi kumrudisha mtu."

"Basi ndiyo ujue huwa wanao."

Perizat akaingizwa pamoja na bibi yake, Zuurakan, mwanamke mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi. Sharshenbek alikuwa ameshiba, na shibe humfanya mtu mpole.

"Haya binti, tuanze na rahisi. Mama yako anaitwa nani?"

Mtoto akatazama sakafu.

"Si mnaona?" Mairamkan alisema. "Hata jina la mama yake halijui."

Sharshenbek akamgeukia mwanamke. "Na wewe ni nani wake?"

Zuurakan alikuwa na majibu mawili, yote mabaya. Akijibu "bibi", anammaliza mtoto mbele ya wageni. Akijibu "mama", karatasi zote mezani zingemwita mwongo, na kwa mwongo mtoto haachwi. Saikal akasimama.

"Mzee, jina analijua. Anaogopa kuchekwa. Vuli hii nilimpandisha jukwaani nikamtangazia, mbele ya shule nzima, kwamba mama yake si mama yake. Upungufu ulikuwa kwangu mimi."

"Dada Saikal, kaa chini," Dooronbek alisema huku akiwatabasamia wageni.

"Nitakaa. Mzee, samahani, wewe ni kifungua mimba kwenu?"

Sharshenbek akaacha kuchokoa meno. "Ndiyo."

"Na ulikuwa ukimwita nani mama?"

Wote mle ndani walilijua jibu, wakajifanya kusoma karatasi zao. Mzee akaweka kijiti chini na kumwinamia Zuurakan kidogo, kama anavyoinamiwa mkubwa.

"Mama, sema bila hofu. Wewe ni nani wa mtoto huyu?"

"Mama yake," Zuurakan alisema. "Andikeni."

"Na wewe binti? Mama yako anaitwa nani?"

"Zuurakan," Perizat alisema, kwa sauti ambayo shule haikuwa imeisikia tangu vuli.

"Kajibu sawa," Sharshenbek alimwambia karani. "Abaki hapahapa. Mleteni mwingine."

Koridoni Dooronbek alimwambia Saikal aanze kutafuta shule nyingine. Saikal alikuwa amekwisha kumpita, akimkimbilia Zuurakan. Kusema kweli alikuwa anafuata asante. Ugonjwa ule wa kutaka kuonekana hauponi kwa siku moja.

"Mama Zuurakan, namshukuru Mungu kwamba..."

"Unataka asante?" Zuurakan alikuwa akimfunga mtoto shali. "Aliyechoma nyumba hapewi asante kwa kuleta ndoo ya maji."

"Sikuja kwa ajili ya asante," Saikal alidanganya.

Zuurakan akamsogeza mtoto mlangoni, kisha akarudi hatua chache na kushusha sauti.

"Umemsikia humo ndani? Amenitaja jina, nanyi mkafurahi. Nyumbani huongea vizuri tu. Huongea na babu yake, huongea na ng'ombe. Mimi, tangu mkoba wenu ule, haniiti chochote."

Diploma ya Saikal haikumwazima hata neno. Wale wawili wakashika njia kwenye theluji, mtoto akibaki nyuma kidogo kwa sababu ilikuwa ya magotini. Zuurakan alikwenda mbele akipasua njia, bila kugeuka, akingoja mtoto aite, "Mama, nisubiri." Saikal naye alisimama mlangoni akitega sikio hadi wakapotea kwenye kona. Mtoto hakuita.