Keki Yenye Tundu

Mwaka wa kwanza nilipoanza kufundisha wanafunzi wa uuguzi na ufamasia, somo langu la dawa za usingizi lililaza darasa zima. Sitii chumvi. Nilikuwa nimegeukia ubao nachora kipokezi cha gaba, nikasikia mtu anakoroma. Nilipogeuka sikuweza kumjua ni nani, maana waliofumba macho walikuwa wengi.

Mwaka wa pili nikasema hawa nitawaamsha kwa tumbo. Mdogo wake mama, khalati yangu, anakaa Mbweni na kazi yake ni kupika keki za harusi. Siku mbili kabla ya somo nikamwendea na mchoro wangu.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba, mwanangu. Nani anaolewa?"

"Haolewi mtu. Nnataka keki ya kipokezi."

Akaiangalia karatasi, akaigeuza juu chini, akanirudishia. "Hebu nieleze kwa mdomo."

Nikamweleza kwamba seli za ubongo hupenda kuchocheana, na zisipotulizwa hupitiliza. Cha kuzituliza kinaitwa gaba. Gaba haiingii ndani ya seli. Hukaa nje, juu ya kipokezi, na kipokezi chenyewe ni vipande vitano vilivyosimama kwa duara, katikati pana tundu. Gaba ikishakaa, tundu hufunguka, chembe za kloridi huingia, seli hunyamaza.

"Vipande viwili vinaitwa alfa," nikasema, "hivyo vitie rangi nyekundu. Viwili beta, manjano. Kimoja gama, kijani. Uvipange nyekundu, manjano, nyekundu, manjano, halafu kijani kifunge duara. Zabibu mbili ndiyo gaba, ziweke panapokutana manjano na nyekundu. Lozi moja ndiyo kidonge cha usingizi. Hiyo ikae baina ya nyekundu na kijani, si pengine."

"Na hili tundu?"

"Liache wazi."

"Keki ina tundu! Watu watasema nimeionja kabla sijaileta."

Siku ya somo akaja mwenyewe kwa teksi, keki kaipakata. Aliponifunulia, kwanza nikayasifu mapambo ya krimu ya ukingoni, kisha nikaangalia vizuri. Kipande cha kijani hakikuwapo. Nyekundu zilikuwa tatu. Tundu limejazwa krimu mpaka juu, na juu ya krimu imekaa lozi, peke yake, kama bibi harusi.

"Khalati, kijani kiko wapi?"

"Kijani kwenye keki huonekana kama ukungu. Sitii jina langu kwenye keki yenye ukungu."

Wanafunzi walikuwa washaingia. Nikaiweka keki mezani, nikachora kipokezi sahihi ubaoni, nikawaambia, "Nitajieni makosa ya keki hii. Anayepata kosa anapata kipande." Hakuna aliyelala. Binti mmoja wa mstari wa mbele, ambaye mwaka mzima sikuwahi kusikia sauti yake, alinyanyua mkono.

"Mwalimu, gama haipo. Kidonge hakina pa kukaa."

"Kwa hiyo kipokezi kimekufa?"

Akafikiri. "Hakijafa. Gaba ina alfa na beta zake, itafanya kazi. Ila mgonjwa akinywa kidonge, kipokezi hiki hakitakisikia."

Nikamkatia kipande. Mwengine akasema tundu limezibwa, kloridi haipiti. Nikawaambia zipo sumu za mimea zinazofanya hivyohivyo, zinaziba tundu lenyewe. Gaba hukaa bure, ubongo hukosa wa kuutuliza, na mtu hupata degedege.

"Mie sijamtia mtu degedege!" khalati akapaza sauti kutoka kiti cha nyuma. Nilikuwa sijui kama bado yupo. Darasa likaangua kicheko, naye akacheka, akajitengeneza mtandio.

Tukaendelea. Mmoja akauliza kwa nini mtu aliyezoea vidonge hivi haachi kwa siku moja. Nikajibu kwamba ukivitumia kila siku kwa miezi, ubongo huzoea, vipokezi hupunguza usikivu wake. Ukikata ghafla, ule uchochezi wote hurudi kwa mpigo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, wengine huanguka kifafa. Nilipotazama nyuma, khalati alikuwa hacheki tena.

Wanafunzi walipotoka na makombo yao, akanisaidia kufuta meza.

"Skiza. Vile vidonge ulivyovisema. Mie nshaviacha tangu juzi."

"Vidonge gani?"

"Vya kulalia. Toka alipofariki mjomba wako nnavinywa. Juzi ulipokuja kuniambia vinakwenda kukaa kwenye ubongo, baina ya alfa na sijui nani, nikaogopa, nikavitupa."

Nikaitazama mikono yake. Ilikuwa inatetemeka. Nikakumbuka mapambo ya krimu kwenye ukingo wa keki, yamekwenda mawimbimawimbi. Nami asubuhi nilikuwa nimeyasifu, nikidhani ni mtindo mpya. Miaka miwili nafundisha dalili hizi, na za khalati yangu mwenyewe sikuziona.

Hatukwenda kwake wala kwangu. Tulikwenda moja kwa moja kwa daktari, naye khalati njia nzima ananiambia hana ugonjwa, ana aibu tu. Daktari hakumgombeza. Alimrudishia dawa, akampangia kuipunguza kidogokidogo kwa miezi, na akamwambia asiruke hatua hata akijiona mzima.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilikwenda Mbweni. Wiki nyengine nilimkuta mchangamfu, nyengine amenuna, analalamika kwamba alfa zake hazina adabu. Mara moja alinifukuza, kisha akanipigia simu sijafika hata barabarani, nirudi nikachukue visheti.

Alimaliza kidonge cha mwisho wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Wiki iliyofuata simu yangu ikalia saa nne ya asubuhi, niko darasani.

"Naam, khalati. Kuna nini?"

"Nimelala, mwanangu! Nimelala mpaka watu wananigongea mlango!"

Waliogonga walikuwa wamefuata keki ya harusi, na keki ilikuwa bado haijapakwa hata krimu. Ilifika kwa wenyewe imechelewa saa mbili, na mama wa bibi harusi hajamsamehe mpaka leo.