Nyumba Inayoweza Kubebwa

Watu wa mji wetu wa Kitshanga hupenda kuniuliza kwa nini Mama Euphrasie, mkurugenzi mzima wa shirika la akina mama, anatumia Jumamosi zake kujengea wajane nyumba bila malipo. Wananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye seremala wake, na seremala hudhaniwa kujua kila kitu. Wengine wanasema anatafuta kura. Wajinga hao! Anayetafuta kura hapigi kidole chake nyundo mpaka kikavimba kama kiazi. Na nyundo yenyewe hajui kuishika. Nimemwambia mara nyingi, anacheka, halafu anaendelea vilevile.

Nitasema ninachojua, maana nilikuwapo.

Nyumba za kwanza za shirika hazikuwa za mbao. Zilikuwa za matofali, na msingi wa mawe na saruji. Ya kwanza kabisa alipewa Léontine, mjane kutoka Ngungu aliyekuwa amekimbia vita mara tatu na kulala chini ya hema miaka minne. Siku ya kumkabidhi ufunguo padri alibariki, watu wakaimba, na Mama Euphrasie akasimama mlangoni akasema mbele ya wote: “Hii nyumba haiwezi kimbia. Na weye, dada yangu, usikimbie tena.” Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Sasa elewa kitu kimoja. Huku kwetu nyumba ya mbao ni mzigo wa safari. Vita vikikaribia, unang'oa mbao, unazifunga pamoja na mabati, unazibeba, na unakofika unaisimamisha nyumba upya. Si jambo la kujivunia, ni umaskini na mazoea tu. Lakini mwenye mbao hana sababu ya kubaki nyuma.

Mapigano yaliporudi, jirani zake Léontine walibomoa nyumba zao asubuhi moja wakaondoka. Sisi wa shirika tulipita kwake tukikimbia. Alikuwa anafagia kibaraza. Mama Euphrasie akamshika mkono.

“Dada, tuende!”

“Niende wapi? Si weye njo ulisema nisikimbie tena?”

“Nilisema vibaya. Tuende!”

“Nikiiacha, batu bengine bataikamata. Na matofali siwezi beba. Mi nabakia, naichunga.”

Tulimvuta, akajishikilia kwenye fremu ya mlango. Tukamwacha. Naandika neno hilo na aibu inanichoma: tukamwacha. Tuliporudi baada ya wiki mbili tulikuta bomu limepita paani. Tulimtoa chini ya matofali niliyosaidia kuyapanga kwa mikono yangu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile shirika linajenga za mbao tu, na Mama Euphrasie amekataa kugawa nyumba akiwa amekaa ofisini. Anasema aliua mtu kwa mdomo, basi acha mikono nayo ifanye kazi. Kila msumari anauacha kichwa nje kidogo, ili siku mbaya ung'oke upesi. Mimi naona haya, maana nyumba zangu zinaonekana kama zimejengwa na mlevi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunammalizia nyumba Mama Dancille, bibi kizee aliyetoka kambi ya wakimbizi. Alizunguka ukuta akiupapasa, kisha akaniuliza.

“Papa Nzabandora, mbona hii misumari iko inje? Iliwashinda?”

Mama Euphrasie alishuka kwenye ngazi akamweleza yote, na habari ya Léontine pia. Hakuficha neno. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

“Pole sana, mwanangu. Sasa mimi, batoto yangu bote balikufa. Siku hiyo nani atanibebea mbao?”

“Njo mimi. Nitakuja.”

“Uliambia bajane ngapi hivyo?”

Mama Euphrasie alinitazama. Nilijifanya natafuta penseli.

“Kumi na tisa,” akasema.

“Utaanzia kwa nani?”

Mama Euphrasie alishika ngazi kama anataka kupanda tena.

“Nilianza kukimbia nikiwa musichana,” Mama Dancille akasema. “Mugongo umekwisha. Nipigie hiyo misumari yote iingie, mama. Nataka nyumba ya muntu, si ya safari.”

Nilidhani atakataa. Nilimwombea akatae. Lakini Mama Euphrasie aliokota nyundo akaanza kuizamisha misumari, ukuta mmoja, kisha wa pili, machozi yakimtiririka na asiyafute. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma kwa kiwiko. Alipomaliza alipiga magoti mbele ya yule bibi.

“Mama, nakuomba kitu moja. Ukisikia masasi ya bunduki, uiache. Iko mbao tu. Uiache, utoke. Niahidi.”

Mama Dancille alimfuta uso kwa pembe ya kitenge chake. Alimshukuru, akanishukuru na mimi, akamshukuru Mungu. Halafu akaingia ndani, akavuta mlango kujaribu kama unafunga sawasawa. Kuahidi, hakuahidi.