Sufuria ya Risasi ya Baba Nusra

Mtu mzima, mjukuu kashazaliwa, ndevu nyeupe pe, anakwenda kujinunulia sufuria ya umeme ya kuyeyushia madini ya risasi! Bi Mardhiya alipoiona ikitolewa kwenye boksi alidhani ni birika, akafurahi, maana birika lao lilikuwa linavuja. Ilipomwelea kuwa ndani yake mumewe atayeyusha mabomba chakavu ili ajisubie vigololi vya kupigia bastola, alimtazama Abdulwakil kuanzia upara mpaka kandambili, akasema neno moja tu: "Loh!"

Na huyo Abdulwakil mwenyewe ni nani? Karani. Alikuja London kijana, pamoja na wazee wake waliokimbia Unguja, akaingia ofisi ya halmashauri na humo akagonga mihuri mpaka alipostaafu. Bunduki kaijulia wapi? Panya akiingia jikoni kwao Wembley, Bi Mardhiya ndiye anayemwendea na kiatu, bwana yuko juu ya kiti anatoa maelekezo. Lakini kustaafu nako ni maradhi. Mzungu mmoja waliyefanya kazi pamoja alimchukua kwenye klabu yao ya kulenga shabaha, huko mashamba nje ya mji, ambako wazee wenye vitambi hupiga bastola za mtindo wa kale, zile za kushindiliwa baruti na gololi ya risasi. Abdulwakil alirudi jioni ananuka moshi, macho yanamng'aa kama bwana harusi.

"Umepiga nini?" aliuliza Bi Mardhiya.

"Shabaha."

"Shabaha gani? Paa? Ndege?"

"Karatasi."

"Karatasi! Na hiyo karatasi imekukosea nini, Baba Nusra?"

Hakujibu. Hajibu huyo, ndiyo tabia yake, na hiyo ndiyo iliyomchosha mkewe zaidi ya yote. Ukimtukana anakunywa chai. Huko klabuni walimwita "Abdul", jina limekatwa katikati kama muwa, naye akaitika. Bi Mardhiya alimuuliza, Abdul ndiyo nani, mtumwa wa nani, hata Mungu wamekuondolea na wewe umekaa kimya? Akasema si neno, wale ni watu wema. Watu wema! Bastola yenyewe haikuja nyumbani, ilifungiwa kabatini hukohuko, na hilo alishukuru. Kilichokuja nyumbani ni sufuria, kwa sababu ati kila mwanachama mwenye heshima zake husubu gololi zake mwenyewe.

Akaiweka kwenye kibanda cha uani. Vinod, muuza vifaa vya ujenzi kule Kenton, alikuwa akimwekea vipande vya mabomba ya zamani yaliyong'olewa kwenye nyumba za watu. Abdulwakil huvitia kwenye sufuria, akakaa juu ya kiti kidogo akivingojea viyeyuke, akaengua takataka zinazoelea juu, halafu akamimina risasi kwenye kalibu ya chuma. Akiifungua inadondoka gololi inang'aa. Kutwa nzima hiyo! Na mavazi yake sasa: barakoa, miwani mikubwa, glavu mpaka viwikoni, koti lisilotoka kibandani, na akimaliza anajisugua mikono kama atakaye kujichuna ngozi. Bi Mardhiya alikuwa akimchungulia dirishani akicheka peke yake. Daktari mzima wa upasuaji, na mgonjwa wake bomba la choo.

Jambo moja lilimkera Bi Mardhiya kupita kiasi. Siku za mwanzo Abdulwakil alimkuta mkewe mlangoni mwa kibanda na ufagio wake wa chelewa, ule aliouleta kutoka Unguja ndani ya sanduku, maana mashine za kufagilia za hapa yeye hazitaki, zinanguruma tu na uchafu zinauacha.

"Humu usifagie, Bi Mardhiya," alisema Abdulwakil. "Vumbi la risasi halitakiwi kurushwa. Mie napangusa mwenyewe, kwa kitambaa cha maji."

Mungu wangu! Mwanamme ambaye tangu kumuoa hajui ufagio unalala upande gani wa nyumba, leo anamfundisha Mardhiya binti Salum kufagia! Alimtazama tu akageuka zake. Tangu siku hiyo, Abdulwakil akishatoka asubuhi kwenda kusoma magazeti maktaba, yeye huingia kibandani akakifagia, chwa chwa chwa, mpaka pembeni chini ya meza. Hakai na jaa mgongoni mwake kwa sababu ya mzee anayecheza gololi. Akitoka hapo hufagia jiko, halafu ukumbi, halafu hupanda juu kwenye chumba cha Ilham.

Ilham ndiye mjukuu. Mtoto wa kwanza wa binti yao pekee, Nusra, aliyekaa Edmonton na mumewe na ambaye likizo yake ya uzazi ilikuwa inakwisha. Walishakubaliana kuwa mtoto atashinda kwa bibi yake. Bi Mardhiya aliacha kazi yake ya kutunza wazee kwa ajili hiyo, akang'oa zulia la chumba cha juu, akatandika mkeka wa ukindu wa kutambalia mtoto, akanunua neti ingawa London haina mbu. Hakuwahi kukitaka kitu katika nchi hii kama alivyomtaka mtoto yule. Nusra yeye alimlea akiwa mbioni, mkono mmoja kazini mwingine kwenye basi, na mtoto akaja akamjibu Kiingereza. Huyu wa pili atamlea amekaa kitako, na atazungumza Kiswahili, inshallah, mpaka majirani wakome.

Basi Nusra akaja, akachungulia kibandani, akaiona sufuria. Akasoma habari za sumu ya risasi kwenye simu yake dakika mbili, akasema kwa Kiingereza chake kikavu kwamba ama kile kitu kinaondoka ama Ilham haji.

"Umesikia?" Bi Mardhiya alimwambia mumewe jioni ile. "Chagua. Mjukuu au mabomba."

"Iko uani, haiingii ndani, na mie naangalia usafi," alisema Abdulwakil. "Hiki ni kitu changu, Bi Mardhiya. Sina kingine."

Ndiyo mara ya kwanza kumkatalia tangu waoane, na ndipo dharau ya Bi Mardhiya ilipopata miguu na mikono. Alimsema kwa dada zake. Alimsema msikitini upande wa wanawake. Akipika humsema na sufuria zake za halali. Mwanamme gani huyu, anamuuza mjukuu kwa karatasi iliyotoboka! Naye Abdulwakil anakunywa chai.

La kuvunda halina ubani. Siku ya Ijumaa, karibu na alasiri, aliwasha sufuria yake, akaona itachukua muda, akaingia ndani kutawadha. Sasa Abdulwakil ni katika watu wasiojifuta maji ya udhu, anayaacha yajikaukie, ndivyo alivyofunzwa chuoni Malindi, kule Unguja, na ndivyo atakavyofia. Akatoka na mikono ya kanzu imekunjwa, maji yanamchuruzika viwikoni na ndevuni. Badala ya kukaa kwenye mswala akaona akachungulie kidogo kama imeyeyuka. Koti hakuvaa, atalirowesha. Glavu hakuvaa. Akainama.

Tone la maji likiangukia risasi iliyoyeyuka halijali kama ni la udhu. Ililipuka pwaa, risasi ikaruka juu, ikamtandika mkononi na shavuni, chini ya jicho kabisa. Bi Mardhiya alisikia ukelele kama wa mtoto. Alimkuta amekaa chini, kajishika uso, anasema "jicho langu, jicho langu," akamburura mpaka kwenye bomba la maji, akampiga maji ya baridi huku anamtukana bila kituo. Jicho lilikuwa zima. Ukweli usemwe: alipoona jicho ni zima, alifurahi. Alifurahi moyoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Ndani ya teksi alimsema. Kwenye mabenchi ya hospitali alimsema. Daktari akamfunga mkono, akauliza risasi hiyo imetoka wapi, akaambiwa, akataka wote wawili wapimwe damu kwani wanakaa nyumba moja. Bi Mardhiya akakunja mkono wa baibui akatoa damu yake kwa maringo, kama mtu anayetoa ushahidi. Na sufuria ikaondoka. Abdulwakil mwenyewe, mkono kwenye bandeji, aliipigia simu klabu wakaja kuichukua, akasimama dirishani akiangalia gari inavyokata kona. Bi Mardhiya hakumwonea huruma hata chembe. Alikuwa anamwambia Nusra amlete mtoto Jumatatu.

Majibu ya damu yalikuja kabla ya Jumatatu, kwa simu. Bi Mardhiya akaweka sauti kubwa ili na mzee asikie aibu yake. Nesi akasema damu ya bwana ina risasi kidogo, si ya kutisha, itashuka. Halafu akasema ya bibi ndiyo yenye nyingi. Nyingi sana.

"Ya nani?" aliuliza Bi Mardhiya.

"Yako. Ulikuwa ukimsaidia mumeo kuyeyusha?"

"Mie? Astaghfirullah!"

"Kibandani nani anasafisha?"

"Mie."

"Kwa kitu gani? Kwa kitambaa cha maji?"

"Kwa ufagio. Kila siku. Vizuri kabisa."

Nesi akauliza, taratibu, kama ufagio huohuo unaingia na ndani ya nyumba. Bi Mardhiya alikaa kwenye ngazi. Alikuwa anauona mkeka wa ukindu kule juu, na yeye anaufagia kila asubuhi, uwe safi, mtoto atambae.

Akangoja. Abdulwakil alikuwa amesimama palepale, amesikia kila neno, na alikuwa na haki ya kulisema lile alilokuwa nalo. Ingekuwa ni yeye Mardhiya angelisema mpaka mfungo mosi. Mzee akaenda jikoni akatia maji kwenye birika.

Jioni Nusra akaja peke yake, hakumleta mtoto. Hasira zimempanda. Akauliza kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angeuliza: inakuwaje mama asiyegusa sufuria awe na risasi nyingi kuliko baba?

Bi Mardhiya alifungua mdomo.

"Hiyo ni mie," Abdulwakil alimtangulia. "Baridi ilipozidi nilikuwa nikiiingiza jikoni, mamako akilala. Na koti nikilikung'utia humu ndani. Hakujua."

Nusra alimwambia babake maneno ambayo kwa Kiswahili asingethubutu, kwa hiyo aliyasema kwa Kiingereza. Akamaliza kwa kusema Ilham hakanyagi nyumba hii mpaka ipitiwe na watu wa kazi hiyo, pembe kwa pembe. Mama atakuja yeye Edmonton kumlea hukohuko. Baba asije. Asimguse mtoto, asimpigie simu, yeye hataki hata kumwona. Abdulwakil aliitikia kwa kichwa. Na Bi Mardhiya, mwenye jawabu la kila mtu tangu kuzaliwa kwake, alikaa kimya mpaka mlango ukafungwa.

"Kwa nini umesema uwongo?" alimuuliza baadaye.

"Mie nishazoea kudharauliwa, Bi Mardhiya," alisema Abdulwakil. "Wewe hujazoea."

Hakulisema kwa uchungu. Angelisema kwa uchungu ingekuwa afadhali, angepata pa kumshikia.

Sasa Bi Mardhiya hupanda basi kila asubuhi kwenda Edmonton. Ilham kanona, anacheka, anaanza kutamka "bibi". Kila akimpakata humjia babu yake yule, na moyo unamuuma, na hujiambia leo Nusra akirudi kutoka kazini nitamwambia. Nusra hurudi. Humwuliza hali ya damu yake, humletea chai, humwambia pole mama, kwa mume yule. Naye huipokea chai akainywa, halafu huchukua mkoba wake akaenda kituoni. Abdulwakil humfungulia mlango kabla hajatoa ufunguo.

"Hajambo Ilham?"

"Hajambo," humjibu, akampita haraka.