Mkia wa Msafara

Fundi makochi alijaza upepo magurudumu yote mawili, akayabonyeza kwa kidole gumba kama anavyobonyeza sponji ya kiti kipya. Mkewe alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Na goti lako?"

"Goti limepona, mama watoto. Daktari mwenyewe kasema nilizoeze."

"Kasema utembee. Hakusema uende na baiskeli mpaka bwawani."

Fundi alicheka tu. Hakumwambia lililomkosesha usingizi: hofu kwamba leo huenda akanyang'anywa nafasi yake. Wenzake wa baiskeli walimwita Mkia, na jina hilo alilipenda kuliko yote aliyowahi kupewa. Mkia ndiye anayefunga msafara. Pampu iko kwake, viraka na gundi viko kwake. Ukipata pancha, unajua kuna mtu nyuma yako. Tangu ujana wao, wakiwa bado na nywele na hawana watoto, hapo nyuma palikuwa pake.

Na mbele palikuwa pa Kinyozi, Mungu amrehemu. Alikuwa mnene, mcheshi, na alihema hata kwenye tambarare. Mwanzoni, kabla msafara haujawa na Mkia, walikuwa wakimwacha. Anafika bwawani wenzake wameshamaliza mayai ya kuchemsha, naye anajifanya hana njaa. Mkia ndiye aliyeona mambo hayo yasiendelee. Jumapili moja alimwambia, uso mkavu kabisa, "Tangulia wewe bwana, njia unaijua." Njia gani! Barabara ya bwawani imenyooka kama rula, hata ng'ombe hapotei. Lakini Kinyozi alipanda baiskeli yake, akajibu bila kugeuka, "Haya, nifuateni, msije mkapotea." Toka siku hiyo wote wakaenda kwa mwendo wake.

Ah, zile zilikuwa Jumapili! Walibishana mpira, walisengenya wakwe zao, waliimba vibaya na hakuna aliyejali. Mwenzao mmoja, mwalimu, alitumbukia mtaroni akimtazama muuguzi mmoja, na baadaye wakaoana. Mpaka leo muuguzi anasema alimwonea huruma tu.

Kinyozi alipofariki, baiskeli zikatundikwa ukutani. Kisha goti la Mkia likapasuliwa. Leo ilikuwa mara ya kwanza kutoka tena.

Walikutana mbele ya chumba alimokuwa akinyolea Kinyozi, ambacho siku hizi ni duka la simu. Walikuwepo mwalimu na mkewe muuguzi, na rafiki yao muuza vioo. Walikumbatiana, wakachekana vitambi, wakaondoka. Mkia aliwaacha wote wapite, kisha akashika nafasi yake.

Hadi darajani alijikaza. Baada ya daraja goti likaanza kumchoma, na nafasi kati yake na wenzake ikazidi kupanuka. Hakuita. Amwite nani, naye ndiye Mkia? Aliuma meno, akakanyaga pedali, jasho likimwingia machoni, huku migongo yao ikizidi kuwa midogo.

Alipowafikia, walikuwa wamesimama kando ya barabara. Mwalimu alijifanya anakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Hakuna aliyelitazama goti.

"Shemeji," muuguzi akasema taratibu, "hebu tangulia wewe. Njia unaijua."

Hasira zilimpanda mpaka masikioni. Maneno yake mwenyewe! Alitaka kuwaambia kwamba yeye si mgonjwa, kwamba hakuja hapa kuonewa huruma. Akatazama mbele ili wasimwone uso. Barabara ilikuwa tupu, haina mgongo wa mtu hata mmoja.

Ndipo alipoikumbuka ile sauti ya Kinyozi, iliyokuwa ikiwajibu bila kugeuka. Kinyozi alijua kwa nini anatangulizwa. Tangu Jumapili ile ya kwanza alijua, na alikubali ili waende wote, wafike wote. Miaka yote hiyo Mkia alidhani yeye ndiye aliyemstahi mwenzake.

Aliifungua pampu kwenye fremu, akamkabidhi muuza vioo. Muuza vioo aliipokea kwa mikono miwili. Mkia akapanda baiskeli, akapita mbele ya wote.

"Haya," alisema bila kugeuka, "nifuateni, msije mkapotea."

Nyuma yake akasikia mwalimu akipenga kamasi, na minyororo ya baiskeli zao ikaanza kuzunguka, polepole, kwa mwendo wake.