Mpishi wa Kasaji na neno alilokataa kulisema

Moshi wa kuni unamfuata Mama Mbelu Kankolongo kila upande anaohamia, naye anauzunguka tu, mwiko mkononi. Kunapambazuka Kasaji, magharibi ya Kolwezi. Bukari, kama wanavyouita ugali huku, unatokota kwenye sufuria kubwa. Wachimbaji wanatoka kwenye mahema yao wakinawa uso kwa maji aliyowachemshia, maana asubuhi za huku ni baridi.

"Mama, leo sombe iko?" anauliza Banza, fundi wa mitambo kutoka Kolwezi, mwenye hamu ya kisamvu.

"Iko. Lakini kunywa chai kwanza. Jana ulikuwa nakohoa sawa mbuzi."

Wenzake wanacheka. Banza anainama, anamshikia sufuria upande wa pili, wanaitua pamoja.

Kisima kinachochimbwa hapa hakitafuti maji. Kongo, Zambia na Angola wanajaribu kwa pamoja kunasa hewa ukaa inayotoka kwenye tanuru za shaba, za Kolwezi na za ng'ambo ya mpaka, waisafirishe kwa reli na kuisukuma ndani ya miamba, isipande tena. Wachimbaji wametoka nchi zote tatu. Mama Mbelu anawapikia kwa faranga elfu tatu sahani moja. Hadi wiki iliyopita alikuwa pia mkalimani wao kwa wenyeji, kwa kuwa anasema Kiswahili, Kiluba cha Kasai, Kifaransa na Kireno.

Kifaransa alikipata shuleni. Kiluba na Kireno alivipata kwa kufukuzwa.

Alizaliwa Dilala, mjini Kolwezi, katika nyumba za kampuni ya mgodi, ambako baba yake, mtu wa asili ya Kasai, alikuwa seremala. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni iliporomoka na mishahara ikakatika. Watu wa Kasai wakaambiwa kwamba mkoa wa Katanga si wao, warudi kwao. Mbelu alikuwa darasa la tano, na hiyo Kasai hakuwahi kuiona.

Familia ililala stesheni ikingoja treni. Jirani yao wa Dilala, Mama Adolphine, mwenyeji wa Katanga, alikuja kila jioni akipita katikati ya vijana wenye mapanga, ndoo ya uji kichwani.

"Alikuwa na woga," anasema Mama Mbelu. "Alikuwa nakimbia, uji inamwangika mu shingo. Lakini alikuya. Na kesho yake alikuya tena."

Kule Kasai watoto walimcheka matamshi yake mpaka Kiluba kikamkaa ulimini. Alipokuwa mtu mzima alivuka kwenda Dundo, Angola, kuuza chumvi. Mama mmoja wa huko alimpa kibaraza cha kulala, na Kireno akajifunzia jikoni mwake. Mwaka 2018 askari waliwaondoa Wakongo. Akarudi kwa miguu, akamfuata dada yake Kasaji, na nyuma ya stesheni ya hapa akafyatua matofali, akajenga. Katika mtaa ule karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kufukuzwa mahali.

Sasa mtaa huo unatakiwa uhame. Uko karibu mno na kisima.

Mama Mbelu haupingi mradi wenyewe. "Nchi tatu kupatana juu ya kitu ya muzuri, hii mi naipenda," anasema. "Zamani balikuwa napatana tu kwa kutufukuza."

Wenyeji walipomuuliza kinachofanyika, aliwaambia kwamba wageni wanazika hewa. Banza alijaribu kumsahihisha.

"Mama, hatuziki. Tunahifadhi."

"Kitu ya kuhifadhi unarudia kuichukua. Mutarudi?"

"Hapana, Mama."

"Basi munazika. Na mutu akitaka kuzika mu kiwanja ya mutu, anaomba."

Banza alicheka, na tangu siku hiyo naye anasema kuzika.

Wiki iliyopita kamati ya nchi tatu ilikuja kuuliza kama watu wanakubali kuhama. Mkuu wake, mgeni kutoka Luanda, alizungumza Kireno, Mama Mbelu akitafsiri. Upande wa Kongo alikuwepo ofisa mmoja, Tata, yaani Baba, Kalombo. Wenyeji walisikiliza hadi mwisho, kisha Ngeleka, fundi wa baiskeli, akasimama kwa niaba yao.

"Tunasikia," alisema. "Lakini ile mashini ya kutoboa iko na mipira ya magurudumu. Nyumba yangu haina."

Watu wakaangua kicheko. Mgeni akamgeukia Mama Mbelu amweleze. Kabla hajafungua kinywa, Tata Kalombo akamwinamia.

"Mwambie banakubali. Ile ya mipira acha."

"Habakusema banakubali, Tata. Banasema banasikia."

"Njo ile ile," akasema, yaani ndiyo hayo hayo.

"Haiko ile ile. Mutu akiniita, naitika nasikia. Haina kusema nitamufuata."

"Mama, tunakulipa kwa kutafsiri, haiko kwa kufikiri."

"Njo natafsiri, Tata."

Akageuka, akasema kwa Kireno kile Ngeleka alichosema, pamoja na mipira. Mgeni alicheka, kisha akageuka kuutazama mtambo na magurudumu yake. Kikao kikafungwa bila uamuzi.

Jioni ile Tata Kalombo alimwambia kazi ya ukalimani imekwisha. Ya jikoni nayo ilikuwa ikimponyoka, lakini Banza alikwenda kwa wakubwa wake kusema kwamba mpishi akiondoka, naye anafunga mizigo. Mama Mbelu alilisikia hilo kwa wengine. Banza mwenyewe hajamtajia, naye hajamuuliza. Anamwongezea sombe tu.

"Mi nilifukuzwa mutoto, nikalia," anasema, akikwangua ukoko wa sufuria. "Nikafukuzwa mukubwa, nikanyamaza. Hii ya tatu, nikiisaidia na kinywa yangu mwenyewe, nitalala namna gani? Tuko hapa. Basogeze kisima."

Kama inawezekana kukisogeza, Banza anasema ni hesabu ya wakubwa. Yeye anajua tu kwamba mtambo umeshahamishwa mara mbili kwa sababu ya mwamba mgumu.

Kamati inarudi Alhamisi. Mkalimani mpya atatoka Kolwezi; inasemekana Kifaransa chake ni kizuri sana. Mama Mbelu hakualikwa, lakini kikwembe kipya cha kitenge ameshakishona na majirani amewaambia wamwachie kiti cha mbele.

"Ile siku shitatafsiri mutu," anasema. "Mi njo nitasema. Batafute mwenye kunitafsiria."