Siku Niliyomsifu Baba

Baba alikuwa akinukia mpira uliolowa na mafuta ya injini. Harufu hiyo ilitangulia buti zake mlangoni kila aliporudi nyumbani Wanyange, karibu na Jinja, kutoka kambini, na sisi watoto tulimkimbilia kabla hajavua kofia. Alikuwa mpiga mbizi katika kikosi teule cha wanamaji wa ziwani, watu wachache waliochaguliwa miongoni mwa wengi. Nilikuwa na miaka minane, nikiamini hakuna mtu duniani mwenye pumzi ndefu kama yake. Sikujua bado kwamba siku nyingine alishushwa majini kutafuta maiti, wala kwa nini mama aliacha kupika samaki.

Vita vilipokaribia Jinja serikali ilianguka, na wakubwa wa baba kazini wakakimbia. Baba alifukia sare nyuma ya choo, akatupeleka Mbale kwa bibi, mama yake mama, chini ya mlima Wanale. Huko askari wa zamani walikuwa wakisakwa nyumba kwa nyumba. Tulikatazwa kusema Kiswahili, kwa kuwa majirani walikiona kuwa lugha ya askari, na tukafundishwa jibu moja: baba ni mvuvi. Yeye alishinda akipalilia migomba ya mkwewe, akishtuka kila gari lilipopita.

Asubuhi moja walikuja wanaume watatu wenye bunduki. Mmoja wao, kijana wa sauti ya upole, aliniita akaniuliza kazi ya baba. Nikasema mvuvi. Akamtazama baba toka kichwani hadi miguuni, akasema mvuvi gani huyu, huenda hata kuogelea hajui. Wenzake wakacheka. Baba aliinamisha kichwa, nami nikashindwa kuvumilia.

"Baba anazama mpaka chini ya meli," nilisema, kwa Kiswahili. "Hata afande wake mkubwa hamwezi."

Kicheko kilikatika. Walimfunga mikono kwa kamba ya mbuzi, wakaondoka naye. Mama hakunigombeza siku hiyo wala baadaye, na heri angenichapa.

Baba alikaa gerezani miaka minne bila kesi. Alirudi amekonda, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Baadaye serikali nyingine ilihitaji watu wanaolijua ziwa toka chini, ikatuma wajumbe kumfuata Mbale. Nilidhani atakataa. Alikwenda, akafundisha vijana kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila boti ilipozama ndiye aliyeitwa kutoa maiti.

Siku ya kumuaga kazini, afisa alisoma mbele ya watu kwamba utumishi wake haukukatika hata siku moja. Tulitembea pamoja kurudi nyumbani.

"Miaka ile minne wameisahau," baba alisema.

Nikamwambia mimi sijaisahau.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikuwahi kukuuliza kwa nini ulisema."

Leo watoto wa Mbale huitana kwa Kiswahili barabarani na hakuna anayegeuka. Baba amezikwa Wanyange, na binti zangu humsimulia habari zake yeyote mwenye nafasi ya kusikiliza. Mimi, mgeni akiniuliza baba yangu alikuwa nani, namtajia jina tu, kisha nanyamaza.