Ukungu Katika Chumba cha Bi Sindano

Mtaa mzima ulimwita Bi Sindano, na jina hilo hakupewa bure. Yeye ni mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto wa barabara tatu na asipoteze mama hata mmoja. Ni binti wa mwashi aliyejenga nyumba wanayokaa kwa mikono yake mwenyewe, na kabla hajapandisha ukuta wa juu akachimba kwanza chini, akajenga chumba kizima ndani ya ardhi, ili binti yake apate pa kushonea pasipo vumbi wala jua la kuchuja rangi. Ni mama wa dereva wa lori. Na mwenyewe ndiye aliyewashonea sare watoto wa shule ya mtaa, akawashonea na watoto wa watoto hao, hata leo akimwona mzee mwenye kipara anapita barabarani, anaweza kukuambia kiuno chake kilikuwaje alipokuwa darasa la kwanza.

Lakini ukimsifu Bi Sindano, usifiche na hili: hakumwamini mtu. Hakuwa na roho mbaya, la. Ni kazi iliyomfanya hivyo. Maisha yake yote wateja wamemdanganya kuhusu viuno vyao, na mtu anayedanganywa mchana kweupe huku ameshika futi kamba mkononi, atamwamini nani tena?

Chumba chake cha chini kilikuwa na vidirisha viwili, vyote juu karibu na dari, usawa wa barabara. Ukikaa kwenye cherehani ulikuwa huoni watu, unaona miguu. Bi Sindano aliwajua majirani kwa viatu. Sasa mwaka huo akaona viatu vyeusi vya ncha vinasimama mbele ya kidirisha, vinaondoka, kesho yake vinasimama tena. Alijua ni vya nani. Vilikuwa vya fundi wa ng'ambo ya barabara, yule aliyekuwa ananyemelea kazi ya sare. Anachungulia mkato! Bi Sindano hakuuliza wala hakugombana. Alichukua mbao akaziba vidirisha vyote viwili, na penye upenyo akasokomeza matambara. Siku hizo hizo kipande cha kitambaa kikapotea kwenye kamba uani. Huenda ni upepo, huenda ni mkono wa mtu, yeye aliamini ni mkono. Akahamishia pipa la kulowekea na kamba za kuanikia huko huko chini.

Maana fundi mzuri wa sare hakati kitambaa cha pamba kikavu kama kilivyotoka dukani. Anakiloweka kwanza kwenye pipa, anakianika, kinasinyaa chote kinachotaka kusinyaa, ndipo anapokata. Asiyefanya hivyo, sare yake ikifuliwa mara ya kwanza mtoto anabaki na kaptura ya mdogo wake. Kazi hiyo ya kuloweka Bi Sindano hakumwachia mtu hata siku moja.

Mvua zilipokwisha, ukungu ukaanza. Ulianzia nyuma ya kabati, madoadoa meusi kama mtu kakung'uta wino, kisha ukapanda ukutani, ukageuka kijani, ukafika hadi kwenye majora ya kitambaa yaliyokuwa yamesimama pembeni. Jora moja alipolifunua lilitoa harufu ya uvundo hata akafunga pua. Alifuta kwa tambara, ukarudi. Akapaka chokaa, ukatokeza juu ya chokaa. Na mjukuu wake mdogo, ambaye kitanda chake kilikuwa chumba cha juu yake hasa, akaanza kikohozi kisichosikia dawa.

Mwanawe dereva alishuka ngazi, akanusa, akapitisha kiganja ukutani, kikalowa.

"Mama, chumba hiki kinaoza. Ukuta wa babu unavuja maji ya ardhini. Nikirudi safari hii nakifukia."

"Unafukia nini?"

"Chumba. Najaza kifusi, namwaga zege juu, basi. Mtoto anakohoa, mama."

"Ukuta wa baba yangu hauvuji."

"Mama, pua si unayo?"

"Ninayo. Na masikio ninayo, ndiyo maana nasikia upuuzi."

"Utashonea sebuleni. Kuna mwanga, kuna hewa."

Sebuleni! Meza yake ya kukatia baba yake aliiunda humo humo chumbani, ndefu kuliko kitanda, isingepita mlangoni ila kwa msumeno. Na fundi asiye na meza anashona viraka. Bi Sindano alijua maana ya maneno ya mwanawe: kazi yake imekwisha, akae kwenye kochi ahesabu watu wanaopita. Kesho yake lori lilimwaga kifusi uani, lundo refu kama mtu, na mwanawe akaondoka safari.

Basi hapo ndipo Bi Sindano alipoazimia kumkamata mwenye kuleta maji. Kwa sababu maji yalikuwepo, na ukuta wa baba yake haukuvuja, kwa hiyo yupo mtu.

Wa kwanza kumtilia mashaka alikuwa dobi wa jirani. Mfereji wake wa maji machafu ulipita ubavuni mwa nyumba, na mtu anayemwaga maji tangu asubuhi hadi jioni hawezi kukosa hatia. Bi Sindano akakoroga ndoo ya rangi ya buluu, nzito kama uji, akazunguka nyuma akaimwaga mferejini. Maji yakipenya ukutani, ukuta utageuka buluu, na dobi hatakuwa na la kusema.

Dobi alikuwa amesimama na pasi mkononi, anamtazama.

"Shikamoo mama. Ni nini hicho unanimwagia?"

"Marahaba. Maji."

"Maji ya buluu?"

"Kwani ya kwako yana rangi gani?"

"Mama, unanishuku?"

"Sikushuku. Nakuchunguza."

Dobi akaweka pasi chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, chunguza. Ila mashuka ya hoteli yale pale ni meupe, ukikosea mfereji ukagusa kamba yangu, ndugu yako nimekufa."

Bi Sindano akarudi chini, akakaa kwenye kigoda akiukodolea ukuta macho kama paka aliyeona shimo la panya. Buluu ilipita mferejini, ikatoka barabarani, watoto wakairuka na kushangilia. Ukutani, hakuna kitu. Ukungu ulikuwa wa kijani na mweusi kama jana.

Basi si dobi. Akamgeukia mkwewe.

Mkwe huyo, mke wa dereva, alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa Bi Sindano mtu wa maneno machache alikuwa na mengi anayoyaficha. Tena nani angefaidika chumba kikifukiwa? Nani aliyekuwa amechoka na mlio wa cherehani alfajiri? Na maji anayopigia deki huko juu, anayamwaga wapi? Bi Sindano alianza kumfuata na ndoo yake kwa macho, kila anapokwenda.

Jioni moja mkwe akashuka ngazi bila kuitwa, ameshika kipande cha nailoni nyeupe na utepe wa gundi.

"Mama, naomba nibandike hii ukutani."

"Ya nini?"

"Mafundi wanaokuja dukani hufanya hivi. Tunaibana pande zote nne, tunaiacha. Maji yakitoka ukutani yatakusanyika nyuma yake, upande wa ukuta. Yakitoka hewani, humu ndani, yatakaa mbele, upande wetu. Tutajua."

"Hewani! Maji yanatoka hewani, tumekuwa mawinguni?"

"Tujaribu tu, mama."

Bi Sindano hakukataa, maana kukataa kungeonyesha woga. Mkwe alipokwisha kubandika na kupanda juu, akatoa chaki yake ya fundi, akachora vistari vifupi kuzunguka nailoni yote, nusu ya kila kistari juu ya utepe na nusu ukutani, kama anavyotia alama vipande viwili vinavyotakiwa kukutana kwenye mshono. Mtu akiibandua na kuirudisha, vistari havitakutana. Hapo amemweza.

Siku ya pili walishuka wote wawili. Upande wa mbele nailoni ilikuwa imejaa matone, yanateremka mpaka sakafuni. Mkwe akabandua pembe moja, akagusa ukuta.

"Pakavu, mama. Gusa."

Bi Sindano hakugusa. "Umeinyunyizia."

"Mama?"

"Umeshuka na chupa ya maji ukainyunyizia mbele."

Mkwe akajifuta mkono kwenye kanga. Aliposema, hakupandisha sauti. "Mtoto anayekohoa ni wangu, mama. Mimi nataka kujua. Wewe unataka kushinda."

Akapanda zake ngazi. Bi Sindano akatazama vistari vya chaki, kimoja kimoja. Palipokuwa hapajabanduliwa, vyote vilikutana barabara. Maneno ya mkwe yalimchoma, lakini shaka haikumtoka: kunyunyizia hakuhitaji kubandua.

Basi akaamua kufanya mwenyewe. Akabandika nailoni mpya, akaibana kwa ukucha, akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani. Hapashuki mtu. Na kwa kuwa sare zilikuwa zinangojwa shuleni, hakukaa bure: akatoa jora moja zima pipani, zito linadondoka, akalitundika kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kama alivyozoea. Kisha akakaa kwenye cherehani, uso kwa nailoni, amngoje mwizi wake.

Alishona kola. Alishona mifuko. Aliponyanyua macho, nailoni ilikuwa imefifia, kama kioo mtu anapokipulizia. Akaendelea kushona, safari hii bila kuangalia mshono. Ule ufifio ukawa vijitone, vijitone vikaungana, kimoja kikateremka polepole mbele ya macho yake.

Akageuka nyuma. Mlango umefungwa. Akajipapasa kifuani, ufunguo upo. Vidirisha, mbao zipo, matambara yapo. Dobi alikwisha toka kwenye shauri na mkwe yuko kazini. Akatazama kitambaa kilichoning'inia juu ya kichwa chake, kilichokuwa kinadondoka asubuhi na sasa hakidondoki tena. Yale maji yamekwenda wapi? Aliwashuku wote waliokuwa nje ya chumba, na ndani ya chumba alikuwamo mtu mmoja tu.

Akainuka, akaibandua nailoni yote. Nyuma yake lipu ya baba yake ilikuwa kavu, vumbi jeupe likabaki kwenye vidole. Akaweka kiganja hapo, akakiacha. Baba yake alikuwa ametoka kifua mbele. Binti yake ndiye aliyekuwa anakilowesha chumba, jora baada ya jora, amekiziba pua na mdomo.

Mkwe aliporudi kazini alimkuta amesimama juu ya meza ya kukatia, nyundo mkononi, anang'oa mbao za kidirisha.

"Mama, utaanguka!"

"Ukuta wa baba yangu ni mzima. Nilisema."

"Ndiyo, mama."

"Maji ni ya kitambaa."

"Ndiyo, mama."

"Ulijua?"

"Nilidhani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniamini?"

Bi Sindano alifikiri, nyundo juu. "Nisingekuamini," akasema, akang'oa ubao. Mwanga ukaingia, na hewa, na miguu ya watu.

Walifanya kazi pamoja, vitambaa vimefungwa puani, burashi na maji ya sabuni kisha siki, wakasugua mpaka doa la mwisho nyuma ya kabati. Majora yaliyooza wakayatupa, na Bi Sindano hakuyatazama yakiondoka. Wakaacha vidirisha na mlango wazi kutwa. Meza ya kukatia akaisogeza pembeni kabisa, mahali ambapo mtu wa barabarani, hata akilala kifudifudi, haoni mkato. Hewa iingie, sawa, lakini macho ya watu yabaki huko huko nje.

Mwanawe aliporudi safari alinusa, akapapasa ukuta huku na huku, akabandika nailoni yake mwenyewe, maana hiyo tabia ya kutoamini aliirithi. Alipoibandua ilikuwa kavu pande zote mbili. Mtoto alikuwa bado anakohoa kidogo, lakini usiku alilala.

"Haya, mama," akasema. "Kifusi nitakiondoa. Ila kitambaa kibichi kisishuke tena humu. Nikikuta hata leso mbichi, nafukia."

"Hakitashuka."

Alisema hivyo haraka, na baadaye ndipo akaona uzito wake. Kitambaa bado lazima kilowekwe, na jora bichi ni zito kama maiti. Akishinda uani akiloweka na kuanika, atashuka saa ngapi kushona? Alikaa na jambo hilo siku nzima bila kumwambia mtu. Kesho yake, siku ya mapumziko ya mkwe, alimwita chini.

"Unajua kuloweka?"

"Kitambaa? Hujawahi kuniruhusu nikiguse, mama."

"Basi sikiliza. Hukikamui. Ukikikamua kinapinda, na mimi nikikata kilichopinda mtoto wa watu anavaa shati linalotazama kando. Unakitoa pipani kinadondoka, unakianika kwa urefu, kivulini. Hukiachi peke yake. Na usijaribu ukavu kwa mkono, mkono una joto lake, unakudanganya. Weka shavuni. Shavu likihisi baridi hata kidogo, bado ni kibichi, hukiteremshi."

"Na nikikosea?"

"Nitajua kabla hujamaliza ngazi." Akalipiga jora jipya kiganja, akalisukuma mpaka ukingo wa meza. "Haya, beba. Pipa nimelirudisha uani, nimekwisha kulijaza."